Klasi ya Nahodha: amri kila zamu, amri za kuhesabu, au dadu ya nyongeza?

MvitaDadu
Assalaam aleikum wana meza. Nimetunga klasi mpya (aina ya mhusika) ya mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons kwa sheria za 2014, naiita Nahodha. Dadu yake ya uhai ni d8 (dadu ya pande nane), na akifika ngazi ya 5 ana mapigo mawili kwa zamu. Kazi yake hasa ni Amri: anaacha pigo lake moja, na mwenzake anapiga papo hapo kwa kutumia hatua yake ya kujibu. Nina njia tatu mkononi. Ya kwanza, Amri kila zamu. Ya pili, mara nne tu mpaka wahusika wapate mapumziko mafupi, kama zile dadu za Battle Master (tawi la klasi ya Mpiganaji). Ya tatu, hakuna pigo la ziada kabisa. Mwenzake akipata shabaha anaongezewa d6 kwenye jeraha.

Jumamosi iliyopita tulijaribu ya kwanza, barazani Kibokoni baada ya Alasiri. Kila Nahodha akisema "Piga!", anayepiga ni Mwizi. Mchezaji wa Mchawi alikaa na dadu zake kiganjani mpaka zikalowa jasho, hakuitwa hata mara moja. Wallahi jambo hilo limeniuma. Nisaidieni.

Kisauni_Hesabu
Waaleikum salaam. Nimepiga hesabu ya ngazi ya 5, kila mtu apate shabaha asilimia 65 na nyongeza ya +4 kwenye jeraha. Mpiganaji wa upanga mkubwa anatoa wastani wa 14.3 kwa zamu. Nahodha akipiga mwenyewe mara mbili kwa upanga wa d8, anatoa 11 hivi. Akimwamrisha Paladin mwenye upanga mkubwa, jumla ni 12.7. Mpaka hapo hakuna neno.

Sasa mwite Mwizi. Pigo la kuvizia, yaani jeraha lake la ziada, lina mpaka wa mara moja kwa zamu, si mara moja kwa mzunguko (zamu za wote zikikamilika). Zamu ya Nahodha ni zamu nyingine, kwa hivyo zile 3d6 (dadu tatu za pande sita) zinarudi upya. Jumla inaruka hadi 17.2. Mchawi na kisu chake anaongeza 4.2 tu. Klasi ni ileile, ila nguvu yake inategemea nani kaja siku hiyo. Ukiipima peke yake kwenye karatasi hutaliona hilo.

BintiWaTudor
Kaka Hesabu, mimi ndiye nachezesha Mwizi kwenye meza yetu, na kuna gharama umeisahau. Tangu ngazi ya 5 Mwizi anaitumia hatua ya kujibu kupunguza nusu ya jeraha analopigwa. Nikiitikia Amri, sina tena ngao hiyo mpaka zamu yangu irudi. Zimwi lilinipiga 19 nikazila zote, na nusu yake ningeiepuka. Kwa hivyo 17.2 si za bure. Hata hivyo nakubali Mchawi asibaki mtazamaji.

Baba Likoni
Vijana, kabla ya kuishika njia ya pili angalieni saa. Kitabu cha msimamizi cha 2014 kimekadiria mapambano sita hadi nane kwa siku moja ya safari, na mapumziko mafupi mawili katikati. Kwetu sisi hayo hayatokei. Mimi lazima niwahi feri, basi tukicheza sana ni mapambano mawili, na pambano halizidi mizunguko minne. Amri nne kwa mizunguko minne ni njia ya kwanza kwa jina jingine. Mkitaka kikomo cha kweli, kifungeni kwenye mapumziko marefu.

Kisauni_Hesabu
Mzee umenena. Nayo njia ya tatu, MvitaDadu, usimtoze pigo. Anaacha 8.5 ili mwenzake apate 3.5, nani atakubali? Mpe kwa hatua ya ziada (kitendo kidogo juu ya mapigo yake), na d6 hiyo iingie kwenye uchawi wa kulenga pia. Jumla inakuwa 13.3, chini kidogo ya Mpiganaji, yeyote atakayeitwa. Mchawi akirusha moto wake naye yumo.

BintiWaTudor
Ni sawa, lakini msiifute kabisa ile "Piga!". Kuitwa na nahodha wako ukapiga nje ya zamu yako ndiko kulikonifanya nisimame kitini. d6 peke yake haina joto hilo.

MvitaDadu
Nimewasikia, ahsanteni sana. Nimeandika upya usiku huu: d6 kila zamu kwa hatua ya ziada, silaha au uchawi wa kulenga. Amri ya pigo ibaki, mara 3 kwa mapumziko marefu, na mtu mmoja haamrishwi mara mbili katika pambano moja. Bi Tudor, Jumamosi njoo na Mwizi wako. Baba Likoni, tutaanza mapema, saa nane, tupate mapambano matatu kabla ya feri yako.