Premio: pedi ya ndani ya kushoto imeisha, ya nje bado nene. Tatizo liko wapi?

Kopo_la_Nati
Wakuu, habari za kazi. Toyota Premio ya 2005, breki za mbele. Kushoto, pedi ya ndani imebaki milimita 2 upande wa chini na 4 upande wa juu. Ya nje ina 8. Kulia zote mbili ziko kwenye 7 hivi. Rimu ya kushoto inachemka kuliko ya kulia. Gari halivuti sana upande. Fundi anasema tuweke pedi mpya, basi. Nianzie wapi?

Spana17
Mkuu, ukiweka pedi mpya bila kujua chanzo, zitaliwa vilevile. Kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) ya gari hilo ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani. Ikishagota kwenye diski, kalipa nzima inateleza kwenye pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje. Pini zikiganda, ya ndani inabeba karibu kazi yote. Ikiganda pini moja na nyingine iko huru, kalipa inakaa kimshazari na pedi inaliwa kama kabari. Hiyo 2 chini na 4 juu yako inasema hivyo hivyo.

Tofauti ya milimita 1 kati ya ndani na nje isikusumbue. Yako imefika 4 hadi 6, huo ni ugonjwa.

Piga jeki, weka stendi, toa tairi. Fungua boliti za pini (Toyota nyingi ni spana 14, na shina la pini unalizuia kwa 17), inua kalipa uifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki (bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa). Kisha vuta kila pini kwa mkono: inatakiwa kuingia na kutoka kwa vidole tu. Angalia pia masikio ya pedi (ncha zake mbili) yanapokaa kwenye breketi, yaani fremu inayoshika pedi. Kutu ikijaa chini ya zile klipu za chuma, inazinyanyua na kuibana pedi isirudi. Toa klipu, piga mswaki wa waya breketi ing'ae, rudisha klipu. Wengi wanaruka hapa kwa sababu hapaonekani.

Bandari_Salama
Naafiki kuhusu kabari, ila rimu inayochemka inaweza kuwa pistoni au mpira wa breki, na vipimo vyake ni vya dakika chache. Cha kwanza fanya kabla hujafungua kalipa.

Gurudumu likiwa juu, mtu akanyage breki mara kadhaa kisha aachie. Zungusha kwa mkono. Likiwa gumu, legeza nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea papo hapo, presha ilikuwa imefungiwa: mara nyingi mpira wa breki umevimba kwa ndani, unapitisha mafuta kwenda lakini hauyarudishi. Kwa nje utauona mzima kabisa. Likibaki gumu hata baada ya kufungua nati, shida ni ya chuma: pini, masikio ya pedi au pistoni.

Pistoni ipime kwa klampu ukiwa umeweka pedi ya zamani katikati. Irudi taratibu bila kukwama. Kinachoirudisha kidogo kila ukiachia breki ni ile raba ya mraba iliyo ndani ya silinda: inajipinda pistoni inapotoka, kisha inajinyoosha na kuivuta. Raba ya vumbi ikichanika, maji yanaingia, pistoni inashika kutu, na nguvu ya raba ya mraba haitoshi tena. Kutu nyepesi inatoka kwa msasa laini. Yenye mashimo, badili pistoni na seti nzima ya raba.

Kopo_la_Nati
Nimepima. Baada ya kuachia breki gurudumu ni gumu, na kufungua nati hakukubadilisha kitu. Pistoni inarudi vizuri kwa klampu, raba ya vumbi nzima. Pini ya juu inateleza. Ya chini ilitoka kwa kupigwa nyundo, ina kiraba nchani kimevimba, na imejaa grisi nyeusi.

Spana17
Umeikamata. Hiyo ni grisi ya bearingi au ya chasisi. Grisi ya petroli inavimbisha raba za breki, kiraba kinaziba tundu na pini inaganda. Ukisafisha na kurudisha kiraba hichohicho, itaganda tena. Badili kiraba na raba za vumbi za pini zote mbili. Pini ikiwa na kutu yenye mashimo nayo itupe.

Safisha tundu kwa kitambaa na spirei ya breki, likauke. Paka grisi ya silikoni ya breki, tabaka jembamba tu. Ukijaza, hewa inabanwa nyuma na pini inarudi nje yenyewe. Pini yenye kiraba na isiyo nacho zisibadilishane nafasi. Boliti za pini kaza takriban Nm 34, nati za tairi 103.

Bandari_Salama
Nyongeza. Pedi nunua seti ya mbele yote, kulia na kushoto. Unene wa diski ya kushoto upime kwa vernia (kipimo cha milimita), sehemu kadhaa, na uangalie upande wa ndani. Unene wa mwisho umechapwa kwenye diski yenyewe, tafuta MIN TH. Chini ya hapo usichonge, badili zote mbili.

Kabla ya kusukuma pistoni punguza mafuta kwenye kikopo cha mafuta ya breki, yakimwagika yanakula rangi. Ukimaliza, pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla ya kuwasha gari. Halafu barabara ikiwa tupu, punguza mwendo kutoka 60 hadi 10 mara nane hivi bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa katikati. Ukirudi, karibisha mkono kwenye rimu zote mbili bila kuzigusa: joto likilingana, kazi imekaa. Kushoto kukizidi bado, rudi kwenye masikio ya pedi.