Bukavu: naingiaje kikundi cha watu wanaoacha pombe bila kwaya yote kujua?

Fundi wa Kadutu
Jambo wakubwa. Nina miaka 39, nashona nguo, nina mke na watoto wanne. Nilianza na bia kama wengine, leo ni kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Asubuhi, kabla sijashika mkasi, lazima nipate moja ndipo mikono itulie. Juzi nilikata suruali ya bwana harusi, mguu mmoja mfupi. Yeye alicheka. Mke wangu hakucheka.

Nasikia kuna vikundi, watu wanakaa, kila mmoja anasema hali yake. Hicho ndicho nataka. Ila mji ni mdogo: nikionekana Jumamosi naingia salle ya parokia, Jumapili kwaya yote inajua. Tena ukikaa kwenye mahari au kilio ukakataa kasiksi, pombe ya ndizi, watu wanasema unaogopa sumu au una kinyongo. Nianzie wapi? Na nikifika, nitasema nini?

Yaya wa Bagira
Pole mdogo wangu. Mimi mwaka wa nne huu sijagusa. Mara ya kwanza niliishia langoni, nikajifanya nanunua mega za intaneti kwa kijana wa pale. Mara ya pili, mega tena. Ya tatu nikaona nitafilisika, nikaingia.

Kulikuwa na thermos ya chai. Mzee mmoja akanimiminia nusu kikombe. Moyoni nikasema hawa watu wachoyo. Kisha nikainua, mkono ukatetemeka, chai ikapanda mpaka ukingoni, haikumwagika. Nikatazama vikombe vya wengine: vimejaa. Alikuwa ameshaona mikono yangu na hakuniuliza kitu.

Siku ile sikusema neno. Zamu yangu ilipofika nikasema "leo nasikiliza", wakapita kwa mwingine. Jina moja linatosha, hata la utani. Hakuna kiingilio. Kikapu kinapita, asiye na kitu anakipitisha. Kuhusu kwaya: atakayekukuta ndani, nawe umemkuta ndani.

Pa kuulizia: nenda Sosame, ile hospitali ya Bafrères de la Charité. Usijali wanaosema pale ni pa wendawazimu, wanapokea hata watu wa pombe. Uliza pia wahudumu wa parokia yako, au ya mbali kama unaona haya.

Muganga wa zamu
Ngoja kwanza. Mtu anayekunywa asubuhi ili mikono itulie, mwili wake umeshazoea pombe. Kikundi nenda hata leo, lakini usikate ghafla peke yako nyumbani. Saa chache baada ya glasi ya mwisho inakuja jasho na kutetemeka, usingizi unakimbia. Ndani ya siku mbili za kwanza unaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanaona vitu ambavyo havipo, wanachanganyikiwa, mwili unachemka. Hiyo inaua, na nyumbani wanadhani ni pepo, wanamfunga kamba. Nenda kituo cha afya, useme kiasi unachokunywa kweli, usipunguze kwa aibu. Kuna dawa za kutuliza za siku chache, na vitamini B1.

Mtumishi2
Siku tatu za kufunga na kuomba, pombe itamtoka yenyewe.

Yaya wa Bagira
Mtumishi, kuomba tutaomba. Kufunga kula kwa mwili huo, soma tena alichoandika muganga.

Jirani wa Nyawera
Usipopata kikundi karibu, usikate tamaa. Hao wenye vikundi hivi, Alcooliques Anonymes (walevi wasiotaja majina), walianza mwaka 1935 kule Akron, Ohio, watu wawili tu: mmoja wa biashara ya hisa, mwingine daktari wa upasuaji, wote walevi. Mpaka leo kwao wawili au watatu wakikutana ili waache, hicho ni kikundi. Mimi na jirani yangu tulianza hivyo, kila Jumanne kwenye duka lake la vitenge, mlango ukishafungwa.

Kuna pia mikutano ya Kifaransa kwa simu. Zima kamera, weka jina lolote. Angalia saa tu: wakati wa baridi yao, saa mbili usiku ya Paris ni saa tatu kwetu. Mimi nilikaa saa nzima mbele ya skrini tupu nikidhani wamenikimbia.

Mama Nguba
Kwenye mahari, fika na soda yako imeshafunguliwa. Na siku moja kabla, mwambie mjomba mmoja anayeheshimiwa: "Niko kwenye dawa, muganga amekataza." Yeye ndiye atakayewanyamazisha. Mimi namfanyia hivyo mume wangu. Mkeo pia asibaki peke yake, kuna Al-Anon ya watu wa familia, tangu 1951.

Fundi wa Kadutu
Asanteni. Kituo cha afya nimeenda, nilikaa siku tano. Jumamosi nikaenda kwenye kikundi, ng'ambo ya mji, mega nilinunua mara moja tu. Nilisema "leo nasikiliza", hakuna aliyeshangaa. Ila chai walinipa kikombe kizima, nusu iliishia kwenye suruali. Yaya, yule mzee wako yuko kikundi gani?