Uzamili wa filamu Marekani: uongozaji au kamera?

Swali: Wakuu, nataka kuomba AFI Conservatory, chuo cha filamu cha Los Angeles. Nichague uongozaji au upigaji picha? Na viza ya F-1, ya mwanafunzi, inaruhusu kazi baada ya kuhitimu?

Jibu 1: Pale unaomba fani moja kati ya sita, miaka 2. Ukitaka kipato mapema, kamera. Unaingia kama msaidizi, unapanda hadi kuvuta fokasi, yaani kuhakikisha picha inabaki kali. Mwongozaji hana ngazi hiyo. Filamu yake ndiyo barua yake ya kazi.

Jibu 2: Ruhusa ya kazi ipo, inaitwa OPT (mafunzo ya vitendo kwa wenye F-1): miezi 12, katika fani uliyosomea. Tuma ombi kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza programu, mwisho siku 60 baada. Hapo ndipo wengi huanguka: wanasubiri wapate kazi kwanza. Usisubiri! Ikishaanza, siku zisizo na kazi zisizidi 90 kwa jumla, na kazi isipungue saa 20 kwa wiki.

Jibu 3: Niongeze muziki wa filamu utakazotengeneza. Wimbo uliorekodiwa unadai ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi. Ruhusa ya matamasha ya filamu pekee haikuruhusu kuuza filamu kwa televisheni, na kubadili wimbo baada ya kuhariri ni balaa.

Mwuliza: Kamera basi. Asanteni.