Naomba ushauri: muungurumo usiokwisha kwenye gari la umeme

Ndugu wanachama, habari za leo. Nina gari dogo la umeme la mwaka 2015, lililotumika, kutoka Japani, ambalo kwa miezi miwili sasa linatoa muungurumo mzito kuanzia mwendo wa kilomita 40 kwa saa, unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, niwe nimekanyaga mafuta (kama bado tunaruhusiwa kusema hivyo) au nimeachia. Nikikata kona ya kushoto, uzito unapohamia upande wa kulia, unazidi, jambo lililomfanya fundi abadilishe beringi ya gurudumu la mbele kulia, lakini sauti imebaki vilevile. Nimejaribu pia kuweka N (gia huru) kwenye mteremko. Haikubadilika, ingawa natambua kwamba mota ya gari hili huendelea kuzunguka pamoja na magurudumu hata kwenye N, kwa hiyo jaribio hilo halithibitishi lolote. Nikipapasa tairi za nyuma kwa kiganja, nahisi kingo za ndani zimelika kama meno ya msumeno.

Je, tairi zilizolika hivyo zaweza kutoa sauti inayofanana kabisa na ya beringi? Na nitajuaje kama tatizo ni beringi za ndani ya giaboksi kabla sijakubali ifunguliwe? Natanguliza shukrani.