Fleti ya lisi Croydon: ada ya huduma pauni 1,150, nikague nini kabla ya kubadilishana mikataba?

BintiMakunduchi

Wakuu, habari za jioni. Mimi na mume wangu tumekubaliwa bei ya fleti ya vyumba viwili Croydon, London, pauni 285,000. Jengo lina ghorofa tano, fleti 18, lifti moja. Dalali anasema lisi (haki ya kuwa na fleti kwa miaka maalumu, jengo likiwa la mwingine) ni ya miaka 125, ada ya huduma pauni 1,150 kwa mwaka na kodi ya ardhi, ile anayolipwa mwenye jengo, pauni 100. Anasisitiza kwamba kwa jengo lenye lifti ada hiyo ni ndogo sana. Wakili ameshaomba fomu ya LPE1 (majibu kuhusu ada, akiba na kazi za jengo) kwa kampuni ya usimamizi, bado haijarudi. Nikiwa nasubiri nikague nini, na fomu ikija nitazame wapi? Ninachoogopa hasa ni bili za ghafla.

FundiHati

Dada, huo udogo wa ada ndio wa kuutilia shaka. Zidisha 1,150 kwa fleti 18, unapata pauni 20,700. Hizo ndizo pesa zote za jengo kwa mwaka mzima. Toa bima ya jengo, mkataba wa kuhudumia lifti, usafi wa ngazi, umeme wa korido, ukaguzi wa hatari ya moto, malipo ya kampuni ya usimamizi na mhasibu. Mfuko wa akiba unabakiwa na nini? Paa likitaka kubadilishwa kwa pauni 90,000 na mfuko ni mtupu, kila fleti inatoa 5,000 hivi, na anayedaiwa ni mwenye fleti siku bili inapotoka. Muuzaji atakuwa ameshahama.

LPE1 ikirudi, usiishie kwenye bajeti ya mwaka huu. Dai hesabu zilizofungwa za miaka mitatu, uziweke sambamba na bajeti za miaka hiyo hiyo. Kama kila mwaka matumizi yamezidi bajeti na wakazi wametumiwa bili ya nyongeza, basi 1,150 si ada halisi, ni tangazo. Angalia na madeni ya fleti nyingine: jengo ambalo wengi hawalipi halitengenezwi, hata mkataba uwe mzuri vipi.

Halafu tafuta taarifa za kifungu cha 20 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985. Kazi yoyote ambayo fleti hata moja itachangia zaidi ya pauni 250, mwenye jengo lazima awashirikishe wakazi kwanza: taarifa ya nia na siku 30 za maoni, kisha makadirio ya gharama na siku 30 nyingine. Akiruka hatua hizo anaweza kukusanya pauni 250 tu kwa kila fleti, isipokuwa baraza la kesi za nyumba limsamehe. Taarifa ya namna hiyo ikiwepo, ni lazima uione kabla ya kubadilishana mikataba, maana hapo ndipo ununuzi unakufunga. Baada ya hapo mzigo ni wako.

Mwambie wakili pia adai kiasi cha fedha za muuzaji kishikiliwe na wakili wake mpaka hesabu za mwaka unaouziwa zifungwe. Sheria inampa mwenye jengo miezi 18 tangu gharama itokee kuidai au kutoa taarifa kwamba itadaiwa, kwa hiyo bili ya matumizi ya muuzaji inaweza kukufikia wewe ukiwa umeshazoea mtaa.

Mzee_wa_Lewisham

Niongeze upande wa mkataba wenyewe, maana watu wengi hununua bila kuusoma. Pakua nakala Land Registry (ofisi ya serikali ya kusajili umiliki) leo, usingoje.

"Miaka 125" ya dalali ni urefu wa lisi ilipoanza. Kinachotakiwa ni tarehe ya kuanza. Jengo hilo likiwa la miaka ya themanini, unaweza kukuta umebakiwa na themanini na kitu. Mstari wa hatari ni miaka 80 iliyobaki: chini ya hapo, gharama ya kurefusha lisi inabeba nusu ya ongezeko la thamani linaloletwa na urefushaji huo. Sheria ya lisi ya 2024 imelifuta hilo kwenye karatasi, ila sehemu hiyo bado haijaanza kutumika, kwa hiyo usiiwekee hesabu. Nafuu iliyopo tayari ni kwamba tangu 31 Januari 2025 huhitaji kumiliki miaka miwili kabla ya kudai kurefusha. Ukishasajiliwa tu unaweza kupeleka taarifa. Unaongezewa miaka 90 na kodi ya ardhi inakuwa sifuri.

Kodi ya ardhi soma inavyopanda. Benki nyingi hazitaki izidi asilimia 0.1 ya thamani, kwako ni pauni 285.

Kisha chukua kalamu utafute madirisha. Mkataba mmoja husema vioo ni vya mpangaji (yaani wewe mwenye lisi) na fremu ni za mwenye jengo, mwingine humpa mpangaji vyote. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atalipa dirisha likioza. Soma pia kuhusu sakafu (mikataba mingi inalazimisha zulia, ukiweka mbao jirani wa chini ana haki ya kulalamika), kupangisha, na wanyama.

Na kwa kuwa jengo ni la ghorofa tano, liko ndani ya sheria ya usalama wa majengo ya 2022. Muuzaji asaini ile hati ya mwenye lisi inayoonyesha hali ya fleti tarehe 14 Februari 2022. Fleti yenye sifa zinazotakiwa na sheria hiyo, ikiwa London na thamani yake siku hiyo kwa hesabu ya sheria ilikuwa chini ya 325,000, haidaiwi kitu kwa kasoro za usalama zinazoguswa na sheria hiyo. Ulinzi huo unahama na fleti, lakini hati isiposainiwa unaweza kuupoteza.

BintiMakunduchi

Ahsanteni sana. LPE1 imerudi, na mkataba nimeusoma. Lisi ilianza 25 Machi 1984. Kodi ya ardhi inaongezeka maradufu kila miaka 25. Mfuko wa akiba una pauni 4,300 kwa jengo zima. Kuna taarifa ya pili ya kifungu cha 20: kubadilisha lifti, makadirio ya chini pauni 76,500, siku 30 bado hazijaisha. Nimegawa kwa 18, napata 4,250. Ni sawa?

FundiHati

Usigawe kwa 18. Mkataba wako unataja asilimia ya fleti yako, tafuta kwenye majedwali ya nyuma.

BintiMakunduchi

Nimeiona: asilimia 6.2.

FundiHati

Basi ni 4,743, na hata akiba yote ikitumika kwenye lifti ni kama 4,476. Mwombe muuzaji pauni 5,000 zishikiliwe na wakili wake mpaka bili ya mwisho ya lifti, ziada arudishiwe. Akipendelea kupunguza bei, benki yako lazima iarifiwe kabla ya kubadilishana mikataba. Maoni ya kifungu cha 20 anayetuma ni muuzaji, si wewe, kwa hiyo mwambie aulize kwa maandishi kama mitambo tu inaweza kubadilishwa badala ya lifti nzima.

Mzee_wa_Lewisham

Kuhusu 1984: lisi inaisha Machi 2109, umebakiwa na miaka 83, na Machi 2029 unafika mstari wa 80. Kodi itakuwa 200 mwaka 2034, bado benki hawatasumbua. Pata makadirio ya kurefusha kutoka kwa mthamini sasa hivi, uyaweke mezani pamoja na hizo 5,000.