Supra ya Toyota na BMW: muuzaji anasema ni haibridi, ni kweli?

Mwana_Kampemba (Lubumbashi)

Jambo wakubwa. Kuna Toyota GR Supra ya RZ, silinda sita, inatoka Japani kupitia Dar es Salaam hadi Kasumbalesa. Volani (usukani) iko kuume. Kwenye tangazo muuzaji ameandika "haibridi, kazi ya Toyota na BMW", yaani ina injini na mota ya umeme pamoja, na bei imepanda kwa sababu ya neno hilo. Anayeijua gari hii aniambie: ina betri ya haibridi ama haina? Nitajuaje kwa karatasi kabla sijatoa pesa? Na piesi zake hapa Lushi (Lubumbashi) nitafute kwa watu wa Toyota ama kwa watu wa BMW? Aksanti.

Relee_12V

Haina. Toyota na BMW ni kweli, haibridi ni maneno ya biashara.

Uvumi wenyewe una chanzo. Kampuni hizo mbili zilianza kukaribiana mwishoni mwa 2011, na Januari 2013 zikasaini mikataba ya kushirikiana kwenye seli za hidrojeni, betri za lithiamu na hewa, bodi nyepesi, na gari ya spoti. Toyota ndiye mwenye Prius, haibridi yake maarufu, kwa hiyo waandishi wa magari walikaa miaka wakitabiri kwamba mtoto wa ndoa hiyo atakuwa haibridi. Na hawakuwa wanaota ndoto za bure: mwaka 2007 Toyota ilishinda mbio za saa 24 za Tokachi kwa Supra HV-R, gari ya mashindano iliyohifadhi umeme kwenye kapasita kubwa badala ya betri.

Iliyotoka sokoni 2019 ni ya esanse (petroli) tupu. GR Supra na BMW Z4 ya G29 ziliundwa pamoja kwenye kiwanda cha Magna Steyr, mjini Graz, Austria. Supra ina paa la chuma, Z4 inafunguka juu. Mhandisi mkuu upande wa Toyota alikuwa Tetsuya Tada, yule yule aliyesimamia Toyota 86, gari iliyoundwa pamoja na Subaru. Alitaka gari fupi inayokata kona haraka: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,470, yaani sentimita 10 pungufu ya 86, na viti ni viwili tu. Ukiingiza humo betri ya volti nyingi, inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uende kwenye mota) na mfumo wake wa kupoza, lazima utoe tangi ya esanse au buti, na uzito unapanda. Kwa maoni yangu walichagua vizuri.

Kwa nini washirikiane basi? Gari ya spoti inauzika kidogo na kuichora kunakula pesa sawa na kuchora gari ya familia. Toyota haikuwa tena na injini yake ya silinda sita za mstari, BMW ilikuwa nayo. Mazda na Fiat walifanya vile vile: MX-5 na 124 Spider zilitoka kiwanda kimoja cha Hiroshima, ila Fiat ilileta injini yake ya 1.4 turbo.

Kuhusu karatasi, omba picha ya cheti cha Japani, siyo ya tangazo. Tafuta kodi ya modeli, yaani namba ya aina ya gari, ile yenye kistari katikati. Supra RZ ya mwanzo ni 3BA-DB42, ya nguvu za farasi 340. Ile ya 387 iliyofuata 2020 ni DB02. Zile za silinda nne ni DB22 na DB82. Sasa angalia alama ya pili kati ya zile tatu za mbele ya kistari. Ikiwa B, ni gari ya esanse ya kawaida. Haibridi ya esanse inabeba A: Honda CR-Z kwa mfano ni DAA-ZF1, na haibridi mpya nyingi za Toyota ni 6AA. Vile vile kwenye mstari wa mafuta, haibridi inaandikwa esanse na umeme. Supra inaandikwa esanse peke yake. Muuzaji hana njia ya kubishana na herufi hiyo.

Fundi_Katuba

Nakubali, na naongeza ya chini ya kapo (boneti). Haibridi ya kweli ina nyaya nene za rangi ya chungwa, ina plagi ya kukata umeme mkubwa, ina inverta. Kwenye Supra hutaona hata kimoja. Wengine wanachanganywa na injini kuzimika yenyewe kwenye taa nyekundu na kuwaka ukiachia freni. Hiyo ni betri ya volti 12 na stata imara, basi. Hata ule mfumo wa volti 48 ambao BMW iliuweka kwenye magari yake mengine yenye injini hii ya B58, Supra na Z4 haziupati.

Piesi: chini BMW, juu Toyota. Injini, giaboksi ya ZF ya gia nane, sensa, nyaya, redio, hata skrini, ni BMW, na piesi nyingi zina muhuri wake. Filta, plagi, koili, pedi za freni: uliza kwa namba ya BMW. Bampa, taa, fenda, milango, vioo, hivyo ni vya Toyota peke yake na vya Z4 haviingii. Hivyo ndivyo vitakavyokusumbua ukigongwa, kwa sababu hapa hakuna gari ya kuchinja ili kutoa piesi.

Skana ya Toyota ya kawaida haitoshi, tafuta fundi mwenye kifaa kinachoongea na BMW. Mfano mmoja: betri ya volti 12 iko nyuma kwenye buti, na ukiibadilisha lazima kompyuta iambiwe kwamba ni mpya na ni ya aina gani. Usipofanya hivyo inaendelea kuichaji kama ile ya zamani iliyochoka, na betri mpya inakufa mapema. Watu wanasema betri ni feki, kumbe ni kazi haikumalizwa.

Oili ni 0W-20 yenye kibali cha BMW, karibu lita 6.5 kwa ile ya silinda sita. Usikubali mutu akumiminie 20W-50 eti kwa sababu ya joto la Katanga. Njia za oili ni nyembamba, vali na turbo vinategemea oili inayofika haraka asubuhi injini ikiwa baridi. Esanse iwe oktani 95 kwenda juu. Ukiweka chini ya hapo, sensa inayosikia injini ikigonga inarudisha nyuma muda wa cheche, gari inakuwa nzito na inakula zaidi. Kimo cha Lubumbashi, mita kama 1,200 hivi, hakitaisumbua sana kwa sababu turbo inasukuma hewa. Gari isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hapa, na wengi hawajui kwa nini.

Matairi: RZ ina 255/35 R19 mbele na 275/35 R19 nyuma. Hakuna tairi la akiba, ni kopo la gundi na pampu. Gundi inaziba tundu la msumari. Shimo la barabara likichana ubavu wa tairi haifanyi kitu. Nunua angalau moja la mbele na moja la nyuma kabla gari haijafika. Tumbo liko sentimita 12 hivi kutoka chini, kwa hiyo matuta ya mitaani panda kwa pembeni, tairi moja moja. Kiangazi, kuanzia Mei, vumbi jekundu linajaza filta ya hewa upesi. Igonge na kuiangalia kila elfu tano, usingoje kilomita za kitabu.

Mwana_Kampemba

Aksanti sana mafundi. Nimemwomba karatasi. Sasa tuseme nataka spoti ambayo ni haibridi kweli, ipo ya kuishi nayo Kongo?

Relee_12V

Zipo, lakini kila moja ina mtego wake.

BMW i8, 2014 hadi 2020: injini ya 1.5 turbo ya silinda tatu nyuma, mota ya umeme mbele, nguvu 362 kwa jumla. Nzuri kwa macho. Ila betri yake inapozwa na gesi ile ile ya klimati (kiyoyozi). Gesi ikivuja, siyo wewe tu utakayetoka jasho: betri nayo inapata joto, na kompyuta inaipunguzia nguvu. Matairi ya kawaida ni 195/50 R20 na 215/45 R20, saizi ambayo hutaikuta kwa muuza matairi yeyote wa hapa. Na kabini ni ya kaboni, haiwezi kunyooshwa kwa nyundo.

Honda NSX ya 2016 hadi 2022 ina mota tatu na giaboksi ya klachi mbili ya gia tisa. Sina la kuongeza, achana nayo.

Lexus LC 500h ndiyo ninayoiamini zaidi. V6 ya 3.5 isiyo na turbo, mfumo wa haibridi ambao mizizi yake ni ile ya Prius, ila nyuma yake wameongeza giaboksi ya gia nne ili isipige kelele bila kwenda. Betri ni ya lithiamu na inapozwa kwa hewa ya kabini. Fundi mzuri wa haibridi za Toyota hatakuwa mgeni kabisa.

Kwa mfuko wa kawaida ni Honda CR-Z. Siyo ya mbio, nguvu ya injini ni 114 hivi kwa ile ya mwanzo ya gia za mkono. Lakini ni haibridi, ni ya spoti, ina gia sita za mkono, na zimejaa minadani Japani.

Mto_Ruzizi (Bukavu)

CR-Z ninaijua, na milima ya Bukavu ndiyo inayoitoa siri. Mota yake imekaa kati ya injini na giaboksi, inasaidia tu, haisukumi gari peke yake. ZF1, ile ya mwanzo, ina betri ya nikeli, seli 84, volti 100.8. ZF2, tangu mwisho wa 2012, ina lithiamu ya volti 144 na mota yenye nguvu zaidi. Ukiweza pata ZF2.

Kupima kabla ya kununua: panda mlima mrefu kwa gia ya tatu, kanyaga, macho kwenye vijiti vya chaji. Betri nzima inashuka kijiti kimoja kimoja. Betri iliyochoka inakuonyesha vijiti vingi, halafu ghafla vinaanguka hadi viwili, msaada unakatika katikati ya mlima, na mfumo unaanza kuchaji kwa nguvu kutoka kwa injini. Maana yake seli hazilingani tena: dhaifu moja inafika chini kabla ya wenzake, na kompyuta inahesabu upya. Skana ikionyesha kodi ya hitilafu P0A7F, betri imeshuka ubora. Wauzaji wanaifuta kwa skana asubuhi ya mauzo, ndiyo maana mlima una ukweli kuliko taa ya dashibodi.

Halafu, haina alternata ya mkanda. Betri ya volti 12 inachajiwa kutoka kwa umeme mkubwa kupitia konveta. Konveta ikifa, gari itatembea mpaka betri ndogo iishe na kuzima barabarani, na fundi asiyejua atatafuta alternata ambayo haipo.

Ikikaa sana kwenye kontena au kwenye parking ya duane (forodha), betri kubwa inashuka. Iwashe na uiendeshe zaidi ya nusu saa, angalau mara moja kwa mwezi. Na nyuma ya viti usizibe tundu la hewa kwa mifuko.

Fundi_Katuba

Anayetaka kufungua betri hiyo asome hapa kwanza. Zima gari, ufunguo upeleke mbali, toa waya hasi wa volti 12. Vaa glavu za mpira za volti 1,000, uzijaze hewa kwa kuzikunja kuona kama zinavuja. Kata swichi kuu ya betri, kisha ngoja dakika tano kwa Honda, kumi kwa Toyota na Lexus, kapasita zimwage umeme wake. Baada ya hapo pima kwa mita kabla ya kugusa. Kwa Honda isizidi volti 30. Volti 100 zinaonekana kidogo ukilinganisha na Lexus, lakini ni za umeme wa moja kwa moja (DC) na zinaua.

Mwana_Kampemba

Karatasi imefika: 3BA-DB42, mafuta ni esanse. Nimemtumia picha, amefuta neno "haibridi" kwenye tangazo na bei imeanza kuteremka. La mwisho: kuna anayesema tutahamisha volani kwenda kushoto hapa hapa.

Relee_12V

Usihamishe. Siyo volani tu: ni mfumo wa usukani wa umeme, pedali, dashibodi nzima, eyabegi, nyaya, na kila kompyuta inayojua dereva amekaa upande gani. Ukitaka volani ya kushoto, tafuta Supra ya Ulaya. Ukibaki na hii, uliza duane kabla ya kulipa kama wataipokea volani ya kuume. Na peleka taa zirekebishwe: mwanga wa chini wa taa za Japani unaelekea kushoto, na kwa sisi tunaopita kuume, kushoto ndiko anakotoka mwenzio usiku.