Anasikia "kitabu", anagusa kitanda

Swali: Mtoto ana miaka 6, masikio yamepimwa na yako sawa. Nikisema "kitabu" anagusa picha ya kitanda. Kwa nini?

Jibu: Mwalimu, "kita-" huamsha maneno yote mawili kwa kila msikilizaji, sauti zinazofuata hulififisha lisilofaa. Utafiti wa McMurray na wenzake, 2010, ulifuatilia macho ya vijana: wenye ulemavu wa lugha waliendelea kutazama picha shindani (ya neno linaloanza vivyo hivyo) hata baada ya neno kusikika.

Jibu: Mpime kwa picha 4: kitabu, kitanda, mpira, ndizi. Badilisha nafasi zake kila mara, la sivyo atakariri. Akikosea kwa kugusa kitanda tu, huenda ni ushindani huo wa maneno mawili. Akigusa ovyo, huenda neno lenyewe halijui.

Jibu: Naongezea: usikate silabi ("ki-ta-bu"). "Soma kitabu" humsaidia zaidi, kitenzi humwelekeza mapema.